Kidonda Chini ya Unga

Kila jioni, jua likianza kupoa, Viola aliweka kigoda mlangoni, mtungi wa maji matamu kando yake na kopo juu ya mtungi, kisha akamngoja baba yake. Nyumba za wafanyakazi pale Marereni zilikuwa safu moja, si mbali na mabwawa ya chumvi, na katika safu ile hakuna aliyeingia ndani na miguu ya kazini. Chumvi ikikaukia mguuni hupasua nyayo, huharibu mikeka, na sakafu ya saruji huila pole pole mpaka iwe vumbi. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mtu wa kumvua mwenzake chumvi kwa maji. Kwa Musembi mtu huyo alikuwa Viola, bintiye wa gredi ya sita, na kazi hiyo aliipenda kuliko kuosha vyombo.

"Mwaga kidogo kidogo," baba alizoea kusema huku akivua gambuti, viatu vyake virefu vya mpira, na kunyoosha miguu. "Maji haya hayakuokotwa."

"Na wewe usikunje vidole, Baba. Chumvi inajificha humo."

Basi walicheka, wakaingia ndani kula.

Musembi alikuwa mtu wa Kitui aliyeshuka pwani kutafuta kazi kabla Viola hajazaliwa. Alikuwa mrefu, mkimya, na akishika beleshi la kukwangulia chumvi, vijana walimwachia njia. Wakati huo mkewe, Mumbua, hakuwapo. Alikuwa amekwenda Kitui kumuuguza mama yake mzazi ambaye hakuweza tena kuinuka kitandani. Kila magharibi alipiga simu, na kabla hata ya kuuliza habari za shule alimuuliza Viola, "Baba yako hajambo?"

"Hajambo, Mama."

Ilikuwa kweli, mpaka siku ya kidonda.

Siku hiyo maji yalipougusa mguu wa kulia, baba alivuta pumzi kwa nguvu, akauma mdomo. Viola akainama kutazama. Karibu na kidole cha mwisho nyama ilikuwa imechanika, na kingo zake zilikuwa nyeupe kwa kulowa.

"Baba! Umekatwa!"

"Ah, mkwaruzo tu. Gambuti limepasuka, gamba la chumvi likapenya."

"Twende zahanati basi."

"Kwa hiki?" Baba akacheka. "Kila mtu kule bwawani ana chake. Na chumvi yenyewe ni dawa, wewe. Samaki akitiwa chumvi huoza?"

Viola akafikiri, akaona kweli, haozi. Jamani! Samaki huyo amekufa na kukaushwa juani. Mguu wa Musembi ulikuwa hai, umeshinda ndani ya gambuti lenye joto na majimaji machafu, ngozi imelainika kama mkate uliochovywa chai. Bakteria hawakungoja kukaribishwa mara ya pili. Lakini hayo nani alikuwapo wa kumwambia mtoto?

"Sasa nisikilize," baba akasema, sauti chini. "Mama yako usimwambie. Ana mgonjwa wake huko, usimwongezee. Na hapa jirani asijue. Msimamizi akisikia mtu ana kidonda humtoa bwawani, na msimu wa kuvuna ndio huu, mvua zikianza basi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

Simu ikalia. Mama akauliza swali lake. Viola akamtazama baba, baba naye akamtazama.

"Hajambo, Mama," akasema.

Baada ya siku chache mguu ulianza kuvimba. Musembi akaja na vidonge vya rangi mbili, nyekundu na manjano, alivyonunua dukani pasipo kuonwa na daktari. Viola akamletea maji ya kunywa. Kumbe hakuwa na haja nayo. Alikishika kidonge, akakizungusha kikaachana katikati, na unga uliokuwa ndani akaumwagia juu ya kidonda kama mtu anayetia chumvi kwenye yai.

"Baba, si vya kumeza hivyo?"

"Ndivyo tunavyofanya sisi. Ukimeza, dawa inazunguka tumboni weee mpaka ifike mguuni imechoka. Hivi inakwenda moja kwa moja penye ugonjwa."

Tangu hapo kazi ya Viola ikaongezeka. Alimvua baba chumvi, akafuta kidonda pembeni kwa kitambaa, akafungua kidonge na kunyunyiza unga. Unga ulishikana na majimaji ya kidonda, ukakauka, ukawa ukoko mgumu.

"Unaona? Kimekauka," baba akasema, na Viola akajiona muuguzi hodari.

Kilikuwa kimekauka juu tu. Chini ya ukoko ule usaha ulikosa pa kutokea, ukarudi ndani. Unyayo ukawa moto. Mstari mwekundu ukaanza kupanda kutoka kwenye kifundo kwenda juu. Jioni moja Viola alisita na kopo lake mkononi.

"Baba, kinanuka."

"Ni gambuti hilo. Lioshe."

Akaliosha. Harufu haikutoka. Kesho yake baba akaanza kuvaa soksi hata ndani ya nyumba, na akasema miguu yake ataiosha mwenyewe. Chakula akawa anakigusa tu. Mama alipopiga simu, Viola alijibu haraka haraka, "Hajambo, Mama," akamuuliza habari za nyanya ili swali jingine lisije. Alijisikia vibaya sana. Alikuwa hajawahi kumdanganya mama yake kwa kitu kikubwa. Lakini baba alikuwa amesema, na nani angeweza kumpinga Musembi?

Jumamosi asubuhi baba hakuamka kwenda kazini. Viola alimkuta kitandani anatetemeka, blanketi limeanguka sakafuni. Uso wake ulilowa jasho, lakini mikono ilikuwa baridi kama jiwe la mtungi. Alipumua upesi upesi.

"Baba, uji."

"Weka hapo, Mumbua," akasema.

Viola akasimama na bakuli lake. Baba alikuwa anamtazama machoni, na alikuwa amemwita kwa jina la mama.

Wakati huo huo Mwambire akabisha hodi. Huyu alikuwa jirani yao Mgiriama, mshirika wa Musembi bwawani, mtu wa mzaha aliyezoea kumwita rafiki yake kwa kumgongea dirisha. Alipoingia, mzaha ulimtoka.

"He! Malaria hii, imempanda kichwani. Mwanangu, lete shuka, twende naye zahanati."

Wakampakia katika tuktuk, Mwambire akimshikilia bega na Viola akimshikilia lile jingine. Njia nzima Viola alikuwa na neno mdomoni, na njia nzima hakulisema.

Kule zahanati, muuguzi Monicah alimpima Musembi malaria, hakuona kitu. Akampima presha, akakunja uso, akapima tena. Akamwekea vidole mkononi kuhesabu mapigo, kisha akamwinamia.

"Musembi, unanisikia? Una kidonda mahali popote?"

Musembi akafungua macho. Kwa hilo akili ilimrudia. "Sina," akasema.

"Hata kidogo? Mguuni?"

"Nimesema sina, sista. Ni homa."

Mwambire akaitikia kwa kichwa, maana hakujua lolote. Muuguzi akageuka kuchukua kalamu. Viola akaiona miguu ya baba yake juu ya kitanda, imevalishwa soksi, mmoja umenona kuliko mwenzake. Kumkana baba mbele ya watu! Katika maisha yake hakuwahi kumwambia baba hata "sivyo". Angemtazamaje tena? Lakini aliikumbuka ile "Weka hapo, Mumbua", akahisi kwamba akinyamaza sasa hivi, huenda asiwe na baba wa kumtazama.

"Anacho," akasema.

"Viola!" Sauti ya baba ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa kali.

"Unisamehe, Baba. Anacho, sista. Kiko mguu wa kulia. Mimi ndiye ninayemtilia unga wa vidonge."

Hakungoja kuulizwa tena. Alipiga magoti, akaivuta soksi kwa utaratibu kama alivyozoea kuvua gambuti kila jioni. Harufu ikajaa chumba. Mwambire akaziba pua. "Mulungu wangu," akasema, "na mimi nalala ukuta mmoja naye!"

Muuguzi Monicah hakupiga kelele. Alitia dripu, akachoma sindano ya dawa, akapiga simu Malindi kuita gari la wagonjwa, na mikono yake haikupumzika. Gari lilipofika ndipo akamshika Viola bega.

"Umefanya vizuri kusema," akamwambia. "Ungesema mapema ingekuwa vizuri zaidi."

Maneno hayo Viola hakuyasahau. Aliketi na Mwambire kwenye benchi la hospitali kubwa ya Malindi, akakopa simu ya Mwambire, akampigia mama.

"Baba yako hajambo?"

"Hapana, Mama." Machozi yakamtoka. Akaeleza yote: gambuti, unga, soksi, mstari mwekundu.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Na kila siku ulikuwa ukiniambia hajambo," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nakuja." Na hapo simu ikakatika.

Mumbua alipofika alimkuta mumewe katika chumba cha wagonjwa mahututi, na mirija mwilini. Madaktari walikuwa wamekifungua kidonda, wakatoa usaha na nyama iliyooza, na pamoja nayo vidole viwili. Alimkumbatia Viola, hakumgombeza, na Viola akatamani bora angegombezwa.

Walidhani mguu ukishughulikiwa yamekwisha. Wapi! Musembi aliendelea kuhema, na presha yake haikutaka kupanda. Daktari Odera, kijana mpole aliyekuwa akimtibu, alileta mashine ya kuupiga moyo picha, akawaruhusu watazame. Kwenye kioo moyo ulionekana ukicheza, lakini ulijikaza kidogo tu na kulegea, kama mkono wa mtu aliyechoka kukamua nguo.

"Kidonda kiko mguuni," Viola akasema. "Moyo umekatwa na nini?"

Daktari Odera akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Haukukatwa na kitu. Hebu niambie, kule kwenu kwenye chumvi mna king'ora?"

"Kipo. Kikilia cha hatari, watu wote huacha kazi wakakimbia."

"Basi mwili nao unacho. Bakteria wakiingia, chembe za kinga hutuma ujumbe kwa wenzao: njooni, adui yuko hapa. Ujumbe huo si sauti, ni kemikali zinazokwenda na damu. Kidonda kidogo, king'ora kidogo, askari wanakuja, wanamaliza kazi, kunatulia. Hiyo ndiyo afya. Lakini bakteria wa baba yako walifungiwa chini ya ule ukoko, wakazaana, wakaingia kwenye damu. King'ora kikalia mwili mzima, usiku na mchana, wala hakikunyamaza."

"Sasa moyo una kosa gani?" Mumbua akauliza.

"Hauna kosa, mama. Shida ni kwamba misuli ya moyo nayo inaupata ujumbe ule ule. Ukizidi kiasi, pamoja na sumu ya bakteria wenyewe, misuli hupoteza nguvu ya kujikaza. Mishipa ya damu nayo inalegea. Kwenu mna pampu ya kuvuta maji ya bahari kuyaleta mabwawani, sivyo? Moyo ndio pampu. Ikidhoofika, mabwawa yote yanakauka: figo, ubongo, kila kitu. Ndiyo maana alimwita mtoto kwa jina lako."

Viola akauliza, "Moyo utapona?"

"Kwa wagonjwa wengi, tukiwamaliza bakteria, king'ora hutulia na moyo hurudisha nguvu zake pole pole. Kwa wengine haurudishi zote. Na wengine wanatutoka kabla hatujafika huko. Sitakudanganya, Viola."

"Mimi ndiye niliyekuwa namtilia ule unga."

"Ulifanya ulivyoagizwa. Dawa ile inamezwa, na inamezwa kwa kipimo baada ya mtu kupimwa. Ikimwagwa juu, walio ndani haiwafikii." Daktari akaongeza, "Lakini kumbuka pia ni nani aliyetwambia tutazame mguuni. Bila neno lile tungekuwa bado tunatafuta malaria."

Zikafuata siku za kungoja. Mama na binti walilala kwa mtu wa kanisani kwao, asubuhi wakarudi kwenye benchi lile lile. Siku moja daktari alisema presha imepanda, siku ya pili akasema imeshuka. Na katikati ya kungoja huko ikaja simu kutoka Kitui. Nyanya amefariki. Mumbua aliisikiliza simu mpaka mwisho, akaiweka mapajani, akajifunika uso kwa kanga. Alikuwa amemwacha mama yake ili aje kumwangalia mumewe, na mama yake akafa huku akiita jina lake. Viola alikaa ubavuni pake asijue pa kuweka mikono. Hakuna aliyemlaumu, lakini alijua kwamba kama angesema siku ile ya kwanza, baba angetibiwa kwa sindano pale zahanati, na mama asingeng'oka Kitui.

Musembi hakufa. Polepole king'ora kilitulia. Akaanza kuwatambua watu, akala uji, akauliza ni siku gani. Alipoambiwa habari za nyanya aligeukia ukutani, akakaa hivyo muda mrefu.

Alirudi Marereni amekonda, anatembea kwa gongo. Daktari alimkataza beleshi mpaka moyo upimwe tena, na kama atalishika tena maishani, hilo hakuahidi. Safu nzima ikaja kumpa pole. Mwambire alikuja wa mwisho, akisimama kwa mguu mmoja zaidi ya mwingine. Ilijulikana baadaye kwamba aliporudi kutoka Malindi alikompeleka rafiki yake, na yeye alikwenda kwa muuguzi Monicah kuonyesha kisigino chake. Nacho kilikuwa na kidonda chini ya unga.

Mumbua alisafiri tena kwenda kumzika mama yake, ambaye mwili wake ulikuwa ukimngoja mochari. Kesho yake jioni Viola aliweka kigoda mlangoni kama zamani. Baba hakuwa na chumvi ya kuvuliwa, lakini aliketi, akanyoosha miguu yake, mmoja mzima na mmoja uliopungua. Viola akamwagia maji. Kisha akambonyeza kifundo kwa kidole gumba, jinsi Daktari Odera alivyomfundisha kuujua moyo uliochoka, na alipoondoa kidole, shimo likabaki.

Baba aliliona pia. "Ni uchovu wa kukaa," akaanza kusema, kisha akajikatiza mwenyewe. Akalishika kopo mkononi mwa bintiye, akaliweka chini.

"Viola, nilikukosea. Nilikupa mzigo wangu uufiche, nikauita utiifu. Mtoto kumtii baba ni vizuri, lakini nikikwambia tena unyamaze juu ya ugonjwa, wangu au wa mtu yeyote, usinitii. Nenda ukaseme. Kaseme hata nikikukasirikia. Kidonda cha siku ya kwanza ni kazi ya sabuni na muuguzi. Mimi nilikificha mpaka kikafika moyoni, nikamnyima mama yako hata nafasi ya kumuaga mzazi wake."

Viola alikausha miguu ile kwa kitambaa safi, katikati ya vidole vilivyobaki, akakitazama kidonda kwa makini. Kilikuwa kinafunga kutoka chini, chekundu, kisafi.

Simu ikalia. Sauti ya mama ilikuwa imekauka kwa kulia, na nyuma yake zilisikika nyimbo za matanga.

"Baba yako hajambo?"

Viola alimtazama baba yake. Baba hakumfanyia ishara yoyote.

"Bado, Mama," akasema. "Kidonda ni kizuri, nimekitazama chote. Lakini miguu imevimba, nikibonyeza shimo linabaki, na akitoka chooni anahema. Namwambia Mwambire sasa hivi. Kesho asubuhi tunampeleka kwa sista Monicah."

"Asante, mwanangu," mama akasema. "Leo nimejibiwa. Mpe simu nimsalimie."